Resori ya kijiti cha kulia

Jumapili, jioni. Mvua inanyesha tangu tulipoingia nyumbani na haionyeshi dalili ya kuchoka. Mlima hauonekani, ziwa halionekani, hata nyumba ya jirani ng'ambo ya ukuta wa mawe meusi ni kivuli tu. Afadhali. Leo sitaki kuona kitu chochote kilicho mbali.

Nikisoma tena niliyoyaandika katika daftari hili tangu harusi, naona haya. Kila mahali ni Faustin. Faustin na sauti yake ya asubuhi, nzito kama ya mtu aliyemeza blanketi. Faustin anavyokunja mikono ya shati. Faustin aliyeniletea mahindi ya kuchoma chini ya mvua, kayaficha kifuani yasilowe, akafika ameungua na anacheka. Mama yangu akisoma atasema binti aliyelelewa na masista ameharibika. Lakini ni mume wangu! Bado nikiliandika neno hilo moyo unaruka.

Leo pia naandika juu yake. Ila leo vidole vyangu ni vizito.

Leo nimeiangusha ndege yake, na sikuigusa hata kidogo.

Faustin anatengeneza simu katika duka moja la mtaa wa Majengo. Hiyo ndiyo kazi. Raha yake ni ndege ndogo anazozikata mwenyewe kwa mousse, ile nyeupe nyepesi inayokuja imeizunguka televisheni mpya ndani ya katoni. Anabandika, anatia mota na betri, kisha anaiongoza ndege kwa telekomandi yenye vijiti viwili, kimoja kwa kila kidole gumba. Kijiti cha kushoto kinaipa mota nguvu. Cha kulia ndicho roho ya ndege: ukikivuta, inainua pua, ukikisukuma, inainama, ukikilaza upande, inapinda. Na ukikiachia kinarudi chenyewe katikati, kwa sababu ndani yake kuna resori, waya mwembamba uliojisokota, unaokivuta kirudi.

Siku ya kwanza aliyonikaribisha kwao, mbele ya dada zake wote waliokuwa wananipima kuanzia viatu hadi kichwa, hakuniambia kwamba mimi ni mzuri. Alinipa telekomandi. Akaigeuza, akanionyesha tundu dogo lenye skrubu ndani, akaniwekea turnevisi mkononi, ile ndogo ya kufungulia simu. Ukizungusha kulia resori inakaza, kushoto inalegea.

"Sasa vuta kijiti mpaka kwa kona, halafu ukiachie," alisema. "Kikirudi kinatetemeka, umekaza sana. Kikirudi kama kiko na usingizi, umelegeza sana. Kikirudi na kusimama, njo vile, iko sawa."

Kila mtu ana kidole chake, alinieleza, na kila kidole kina kipimo chake cha resori. Akanitafutia cha kwangu, taratibu, kichwa chake karibu na changu. Nilirudi nyumbani nimepagawa. Nani anatongoza hivyo? Mume wangu anatongoza hivyo!

Wiki ya kwanza ya ndoa, wenzetu huenda kupiga picha kando ya ziwa. Sisi tuliipitisha mezani tukikata mabawa. Punje za mousse zilinishika kwenye nywele, naye akawa anazitoa moja moja, kila punje na busu lake. Ile ndege ndiyo mtoto wetu wa kwanza, nilikuwa namwambia. Alikuwa anaamini.

Halafu pikipiki. Ile siku sitaiandika. Inatosha kusema iliteleza kwenye mawe ya volkano na mkono wake wa kulia ukabaki chini yake. Mfupa uliunga. Mshipa wa fahamu haukuunga. Kidole gumba kilibaki pale mkononi kama mgeni aliyekaa mlangoni: kipo, lakini hakifanyi kitu. Kina ganzi. Ukikigusa na kikombe cha moto, anaona kabla ya kuhisi.

Anayemnyoosha ni Mama Solange, kinezi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mnene mcheshi ambaye tangu siku ya kwanza anamwita "pilote", rubani. Alimpa mpira mdogo wa kuminya. Kisha akamuuliza ni kitu gani anachokipenda kukishika zaidi ya vyote duniani. Nilidhani atasema jina langu! Akasema, "Kijiti cha kulia."

"Basi sukuma hicho kila asubuhi, telekomandi ikiwa imezimwa," Mama Solange akamwambia. "Kikikataa, usikasirike nacho. Kesho yake utarudilia."

Basi kila asubuhi baada ya chai alikaa karibu na dirisha, akaweka kidole juu ya kijiti, akasukuma. Kijiti hakikusogea. Mimi nilikuwa nafagia, nimempa mgongo, lakini nilisikia pumzi yake. Nilisikia anavyoishika, halafu nilisikia anavyoiachia. Halafu alikuwa anasema, kwa sauti ya adabu, kama mtu anayezungumza na mwenye nyumba anayemdai kodi: "Bon. Kesho."

Hakulalamika hata siku moja. Hakutupa kitu, hakunipigia kelele. Ni ile adabu tu. Ile adabu iliniua.

Asubuhi moja, alipokwenda kuoga, nilichukua turnevisi nikailegeza resori. Kidogo sana. Nilijiambia ni kwa siku moja tu, huzuni impumzishe.

Kesho yake kijiti kilisogea.

Ee Mungu wangu, ule uso! Alipiga kelele mpaka jirani akatoka na sufuria mkononi kuuliza kama tumepata mtoto. "Bado, mama!" akajibu kutoka dirishani. "Ila kidole imezaliwa!" Alinibeba kwa mkono wake mmoja mzima, akanizungusha, tukaangusha kiti. Nilikuwa nacheka na kulia, na kwa dakika ile nilisahau kabisa kwamba nilikuwa nimesema uongo. Nilifikiri labda kweli. Nilifikiri labda mapenzi yanaweza kupita kwenye skrubu yakaingia kwenye mshipa.

Basi nikaendelea. Si kila siku. Siku zile tu aliposema "Bon, kesho" na ile sauti. Nilikuwa na furaha ya mume wangu ndani ya turnevisi. Ningeliiweka chini namna gani? Kidogo kidogo resori ililegea, na kidogo kidogo Faustin akapona. Hivyo ndivyo alivyoamini. Ungedhani angegundua, kwani ni yeye aliyenifundisha. Lakini kidole chenye ganzi hakijui uzito wa kitu. Na mtu anayetaka sana kupona haulizi maswali.

Kwa Mama Solange mambo hayakubadilika sana. Alimpima kidole kwa mashini yake ya kupima nguvu, akamwambia mshipa unachelewa, avumilie, aendelee na mpira. Faustin alirudi anacheka: "Yule mama mashini yake imechoka. Kijiti njo inajua." Akaacha kuminya mpira. Ukabaki juu ya kabati, na mimi nikawa nafuta vumbi kuuzunguka.

Hapo ndipo nilipaswa kusimama. Niliuona ule mpira kila siku.

Wiki hii ameniambia mambo mawili, yote kwa uso uleule wa harusi. La kwanza, amempigia patron wake, mwenye duka, simu: Jumatatu anarudi kazini. La pili, Jumapili baada ya misa ya kwanza tunakwenda kurusha ndege, na rafiki yake Dieudonné ameshakubali kuja kuishika na kuitupa. Dieudonné ni rafiki wa tangu shule, yule anayekula kwetu bila kualikwa.

Nilisema, "Chéri, ni mapema." Akanibusu paji la uso. Nilijiambia nitamwambia njiani.

Mjini hapa hakuna anayerusha kitu siku hizi za vita. Mtu akisikia kitu kinaunguruma juu ya bati anaingia chini ya kitanda, na ana haki. Kwa hiyo tulipanda hadi Kibumba, kwenye malisho ya baba yake, nyuma ya mashamba ya kabichi. Hata huko tuliomba ruhusa kwa chifu kwanza, naye akawapasha watu habari kwamba ni mchezo, kwamba ndege yenyewe haipiti urefu wa mikaratusi. Njia nzima nilikuwa na lile neno mdomoni. Lakini Faustin alikuwa ananionyesha mawingu, ananieleza upepo, ameshika telekomandi mapajani kama mtu anayepeleka keki. Sikuweza. Naandika ukweli: sikuweza.

Alikuwa amevaa tai. Dieudonné alipomwona alishika kiuno.

"Pilote! Cravate ya nini? Unaenda kuoa tena?"

"Bibi yangu iko hapa. Acha nivae."

Watu wa mashambani walisogea na majembe yao. Mama mmoja mwenye mzigo wa kabichi kichwani aliitazama ndege mkononi mwa Dieudonné, akauliza kwa upole kabisa, "Ile kuku yenu nyeupe, inatagaka?"

"Ngoja itue kwanza, mama!" Dieudonné akajibu, na wote wakacheka, na Faustin akacheka kuliko wote.

Alijaribu vijiti. Dieudonné akaangalia mkia wa ndege ukipanda na kushuka, akasema sawa. Na kwa kweli, pale chini, kijiti kikiachiwa huru kilikuwa bado kinarudi. Kwa usingizi, lakini kinarudi. Mimi niliona. Dieudonné alikuwa anaangalia mkia.

Akaitupa.

Ilipanda. Siwezi kueleza ilivyopanda. Nyeupe juu ya ule ukijani, ikageuka kushoto, ikapita juu yetu, na watu wakasema aaah kwa sauti moja. Nilimtazama mume wangu, na kwa muda ule mfupi alikuwa mzima. Alikuwa yule wa kabla ya pikipiki. Nilisema moyoni, ona, hukukosea.

Kisha akavuta kijiti kidogo ili ipande zaidi, akaacha kuvuta. Na kijiti hakikurudi.

Wote walikuwa wanaangalia juu. Mimi peke yangu nilikuwa naangalia mkono wake. Kidole kilikuwa kimelala juu ya kijiti kwa uzito wake mwenyewe, nacho kijiti kimelala pamoja nacho, kimebaki nyuma. Resori ile niliyoilegeza haikuwa na nguvu hata ya kunyanyua kidole kimoja kilicholala. Mwenye mkono mzima angehisi. Yeye hakuhisi. Alidhani ameachia. Juu, ndege iliendelea kuinua pua, kuinua pua, ikapungua mwendo, ikasimama hewani kama mtu aliyesahau anakwenda wapi. Halafu bawa moja likaanguka, na ndege nzima ikalifuata.

Kishindo kilikuwa kidogo sana. Kama mtu amekanyaga kikapu.

Nimeelewa leo kitu ambacho Faustin alinifundisha siku ile ya kwanza nami sikukisikia, kwa sababu nilikuwa nasikiliza pumzi yake. Resori haikuwa adui wa kidole chake. Kidole kisichohisi kinahitaji resori kuliko kidole kingine chochote. Ndiyo inayokishika mkono na kukiambia, katikati ni hapa. Mimi nilikinyang'anya hata hiyo.

Nilingoja aseme kidole kimemsaliti. Ningelivumilia hilo. Lakini alisema kitu kibaya zaidi. Alikaa chini kwenye majani, tai imepinda, akamwambia Dieudonné:

"Kidole iko bien. Miye njo nimeharibika. Nimesahau kurusha."

"Acha, ni upepo. Upepo ya hapa iko na wazimu."

"Upepo ya hapa naijua tangu nilikuwa mutoto. Haiko upepo." Akamnyooshea telekomandi. "Beba. Nitakuwa nakuangalia tu. Na kesho nitaambia patron atafute mutu mwingine. Mutu mwenye anasahau kitu alikuwa anajua kufunga macho, nani atamupatia simu yake?"

Dieudonné alikataa kuichukua. Aliiweka katika mfuko wangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuuliza kuna chakula gani.

Tulishuka. Faustin alikuwa anatazama nje, na niliona midomo yake ikitembea: alikuwa anairusha ile ndege upya kichwani, anatafuta kosa lake. Anatafuta kosa ambalo halikuwa lake. Nikisema kweli, nampokonya kidole kilichopona. Nikinyamaza, ataishi akiamini kwamba kitu kimekufa ndani ya kichwa chake. Nilizunguka katika hayo mawili barabara nzima. Hakukuwa na la tatu.

Tulipoingia nyumbani mvua ilikuwa imeanza. Hakuvua hata viatu.

"Ni resori," nilisema. "Niliilegeza. Ni mimi."

"Resori gani?"

"Ya kijiti cha kulia. Haukusahau kurusha, chéri. Kijiti kilikataa kurudi. Na kidole..." Nikarudilia. "Kidole haikuendelea. Ni mimi nilikuwa nalegeza."

Alinitazama. Si kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kusimama.

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku jirani alikuja na sufuria."

Niliona jibu likiingia ndani yake na kupita chumba kwa chumba, likizima taa. Siku ya jirani. Siku ya kuangusha kiti. Zote. Hakubaki na furaha hata moja ya kwake mwenyewe.

Akacheka, kicheko kikavu. "Kumbe wewe njo ulikuwa unafanya mazoezi."

"Faustin."

"Ulinipatia sukari, kama vile bapatiaka mutoto juu anyamaze. Na miye sikukuwa nalia! Nilikuwa nasukuma tu!"

Hiyo ndiyo kelele pekee aliyopiga. Ni kweli. Hakuwa analia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia, kwa siri, na ufagio mkononi, nikamnyamazisha yeye.

Kisha akaomba turnevisi. Alikaa karibu na dirisha, akaibana telekomandi kati ya magoti, akaanza kuikaza resori kwa mkono wa kushoto. Turnevisi iliteleza. Iliteleza tena, ikaanguka, ikabingirika mpaka karibu na mguu wangu. Nilitaka kuinama. Alinitazama, nikabaki nilipo. Aliiokota mwenyewe. Alikaza, akavuta kijiti kwenye kona kwa kidole cha kushoto, akakiachia. Akakaza tena, akakiachia, mpaka kikarudi na kusimama.

Halafu akaweka kidole gumba cha kulia juu yake, akasukuma.

Kijiti hakikusogea.

Akasukuma tena, mpaka mkono wote ukatetemeka hadi begani. Mishipa ya shingo ilimsimama. Nilisikia ile pumzi, naye akijua sasa kwamba naisikia. Hakuna kitu. Ni kama siku ya kwanza. Labda mbaya kuliko siku ya kwanza, kwa sababu ya ule mpira juu ya kabati.

"Basi njo hapa tuko," akasema.

Alimpigia patron wake simu palepale, akamwambia kidole bado, hajui ni lini. Hakusema kilichotokea. Hakunitaja. Sijui kama hiyo ni huruma ama ni aibu, na sina haki ya kuuliza.

Baadaye, bila kunitazama, alisema neno moja tu. "Kesho kwa Mama Solange utaingia na miye ndani. Hautabakia inje. Utakaa uangalie." Siku ya kwanza niliingia, lakini baada ya hapo alikuwa ananiacha kwenye benchi la nje, alisema chumba ni kidogo. Sasa nimejua si chumba: hakutaka nimwone akishindwa.

Nimejibu ndiyo.

Anasikiliza mvua kule chumbani. Nimempelekea chai, ameinywa. Bado nampenda mpaka inauma kwenye meno, na leo hilo halinifariji hata kidogo, kwa sababu ni upendo huohuo uliofanya yote haya. Siku ya harusi padri aliniuliza kuhusu ugonjwa na afya, na mimi nikajibu ndiyo kwa sauti kubwa mpaka kanisa zima likacheka. Nilidhani maana yake ni kufanya kitu: kubeba maji, kuchemsha uji, kukesha. Hakuniuliza kama nitaweza kukaa kwenye kiti, mikono mapajani, nimtazame mwanaume huyu akishindwa mbele yangu, na nisifanye kitu chochote.

Kesho asubuhi ndilo swali. Nitaliweza?